Omba Karatasi kwa Jina Lake

Nazungumza hapa redioni na watu wa Dilala na Manika hapa Kolwezi, na watu wa Fungurume, Lubudi na Mutshatsha, na ninyi wa upande wa Dilolo, Sandoa na Kapanga, mpaka Musumba, kwenye makao ya Mwant Yav, mfalme wa Waruund. Leo nina jambo moja tu la kuzungumza nanyi, nalo ni karatasi za serikali.

Kila siku watu wetu wanauliza: pesa ya madini inakwenda wapi? Wanauliza kwa uchungu, na uchungu wao una sababu. Malori ya shaba yanaondoka Kolwezi mchana na usiku kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, sisi tunabaki na vumbi na nyumba zenye nyufa. Lakini swali hilo, likiulizwa hivyo, halimbani mtu yeyote. Mkubwa yeyote anaweza kulijibu kwa hotuba. Atataja barabara, atataja shule, watu watapiga makofi, na kesho yake hali ni ile ile.

Swali linalombana mtu ni dogo zaidi. Ni hili: naomba nione karatasi fulani, ya mwaka fulani, yenye jina hili. Mbele ya swali kama hilo hotuba haina nafasi. Karatasi ipo au haipo. Ikiwepo, tutaisoma. Isipokuwepo, hilo nalo ni jibu, tena jibu zito, kwa sababu sheria imesema iwepo.

Nasisitiza hapo: sheria imesema. Katiba yetu ya Februari 18, 2006, ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Mei 20, 2011, serikali ilitoa amri nambari 011/26 kwamba kila mkataba unaohusu maliasili utangazwe ndani ya siku 60. Kisha ikaja Sheria ya Madini, ile ya 2002 iliyorekebishwa Machi 9, 2018, ambayo imelitia neno la uwazi ndani ya sheria yenyewe na kuweka wazi nani alipe nini, kwa nani, na kwenye akaunti gani. Kwa hiyo mama wa Luilu anayesimama dirishani na kuomba kuona karatasi haombi fadhila. Anadai chake.

Sasa shikeni kalamu. Nitafanya hesabu polepole, kwa sababu bila hesabu hii mtu hawezi kujua aombe karatasi gani.

Tuseme mgodi mmoja umeuza shaba ya dola milioni 100 kwa mwaka. Shaba inalipa mrabaha, ile tunayoiita redevance, wa asilimia 3.5. Hizo ni dola milioni 3 na nusu. Sheria ya 2018 inazigawa mafungu manne. Nusu yake, dola 1,750,000, ni ya serikali kuu kule Kinshasa. Asilimia 25, yaani dola 875,000, inaingia kwenye akaunti ya jimbo letu la Lualaba. Asilimia 15, yaani dola 525,000, inaingia kwenye akaunti ya utawala wa chini ambao mgodi uko ndani ya mipaka yake: mji, komini, sekta, au usultani. Asilimia 10 iliyobaki, dola 350,000, inawekwa kwenye mfuko wa vizazi vijavyo unaoitwa FOMIN. Narudia kwa waliochelewa kuandika: 50, 25, 15, 10.

Mgodi huohuo ukiwa unauza na kobalti, hesabu inapanda. Tangu Novemba 2018 kobalti imehesabiwa kuwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake ni asilimia 10. Kobalti ya dola milioni 100 inatoa mrabaha wa dola milioni 10. Utawala wa chini hapo unapata milioni 1 na nusu. Baba, mama, hiyo ni pesa ya sekta moja au ya komini moja, kwa mwaka mmoja, kutoka mgodi mmoja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba fungu la jimbo na fungu la utawala wa chini hayapitii Kinshasa. Kampuni inalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye fungu. Zamani tulikuwa na haki ya kusema "Kinshasa haijaturudishia". Kwa mafungu haya mawili maneno hayo yamekwisha tangu 2018. Pesa inaanzia hapa na inaishia hapa, na nyayo zake ziko hapa.

Nyayo zenyewe ni karatasi mbili. Ya kwanza ni ile ya kudai, inayoiambia kampuni kwamba kwa mauzo fulani inadaiwa kiasi fulani. Ya pili ni ya benki, inayothibitisha kwamba kiasi hicho kimeingia, siku fulani, kwenye akaunti fulani. Anayeomba ya kwanza peke yake ataonyeshwa deni. Anayeomba ya pili peke yake ataonyeshwa pesa bila kujua kama ndiyo yote. Ziombwe zote mbili, na ziwe za mwaka mmoja. Mwaka ni muhimu sana. Mwaka 2025, kuanzia Februari 22, serikali ilisimamisha kobalti kwenda nje ya nchi, na ilipofika Oktoba 16 ikaanza kuiruhusu kwa kiasi maalumu kwa kila kampuni. Mtu akikuonyesha karatasi ya 2024 kujibu swali la 2025, au akikuonyesha ya 2025 kukuaminisha kwamba siku zote pesa ilikuwa kidogo, hajakujibu.

Kwa yule anayetaka kulinganisha, kuna pia ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini na mafuta. Nchi yetu iliingia katika mpango huo mwaka 2008, na Julai 2014 ikakubaliwa kwamba imetimiza masharti yake. Kazi ya ripoti hizo ni moja: kuchukua kile kampuni inachosema imelipa, kukiweka kando ya kile serikali inachosema imepokea, na kuonyesha pale ambapo namba hazikutani. Ziko kwa Kifaransa, ni nene, na nyingi zinachelewa. Hata hivyo kijana mwenye simu anaweza kuzipata, kutafuta jina la mgodi wa kwao, na kuandika namba tatu au nne kwenye daftari. Namba hizo nne zikipelekwa kwenye mkutano wa mtaa, mkutano unabadilika.

Kuna karatasi nyingine iliyo karibu zaidi na mwananchi, na mimi naipenda kuliko zote. Inaitwa cahier des charges. Ni ahadi ambazo kampuni imezitilia sahihi pamoja na jamii zinazouzunguka mgodi: kisima kitachimbwa wapi, shule itajengwa wapi, zahanati itakuwa lini, kwa gharama gani. Pamoja nayo kuna fungu la pesa ambalo sheria ya 2018 imeiwekea kampuni, lisilopungua asilimia 0.3 ya mauzo yake yote. Kwa mauzo yetu ya dola milioni 100, hizo ni dola 300,000 kila mwaka. Zinasimamiwa na chombo ambamo wajumbe wa jamii wanakaa pamoja na watu wa kampuni. Wajumbe hao wana majina. Wanaishi katikati yetu, tunasali nao, tunakutana nao sokoni. Basi kabla ya kupanda teksi kwenda kwenye ofisi kubwa, mwendee mjumbe wako jioni, kwa heshima, umwombe akuonyeshe nakala.

Ukiipata, usianze na maneno ya mwanzo. Kurasa za mwanzo zimejaa "kwa kuzingatia" na "kwa kukumbuka". Nenda moja kwa moja kwenye orodha ya miradi. Weka kidole kwenye jina la kijiji chako, fuata mstari mpaka ufike kwenye gharama na mwaka wa kumaliza. Halafu funga karatasi, uende pale penyewe ukatazame. Kama karatasi inasema vyumba vitatu vya darasa na wewe unaona kuta mbili zisizo na bati, sasa una swali lenye jina, mahali na mwaka. Swali la namna hiyo nimeona likinyamazisha chumba kizima cha wakubwa.

Sasa niwageukie watu wa Musumba na Kapanga yote, kwa sababu habari yao ni tofauti, na tukiichanganya na ya Kolwezi tunawapoteza. Mwaka 2015 jimbo la zamani la Katanga lilipokatwa vipande vinne, wilaya ya Kolwezi yenye migodi na wilaya ya Lualaba yenye Dilolo, Sandoa na Kapanga ziliunganishwa kuwa jimbo moja. Kwa hiyo Musumba na Kolwezi ni watoto wa nyumba moja. Lakini migodi mikubwa ya shaba na kobalti iko upande mmoja wa nyumba. Mtu wa Musumba akisikia redioni habari za lile fungu la asilimia 15 akakimbilia kulidai, atakuwa amebisha mlango usio wake. Fungu hilo linafuata ardhi ya mgodi. Fungu la Musumba liko ndani ya ile asilimia 25 ya jimbo, ambayo ni ya Lualaba nzima: ya mtoto wa Fungurume sawasawa na ya mtoto wa Kapanga.

Na asilimia 25 hiyo ikishaingia inakwenda wapi? Inaingia katika bajeti ya jimbo. Bajeti ya jimbo ni sheria, inapitishwa na bunge la jimbo, inaitwa édit budgétaire. Mwaka ukiisha, serikali ya jimbo inatakiwa kurudi mbele ya bunge hilohilo na hesabu ya yale yaliyotumika kweli. Hiyo ni karatasi nyingine, nayo inaitwa reddition des comptes. Ya kwanza inasema tutafanya. Ya pili inasema tumefanya. Mtu wa Musumba anayelalamikia barabara ya Sandoa kwenda Kapanga, ile inayomeza malori wakati wa mvua, silaha yake ni karatasi hizo mbili zikiwekwa kando kwa kando. Bajeti ilitaja barabara hiyo? Kwa kiasi gani? Hesabu ya mwisho wa mwaka imetaja kiasi gani kilichotoka?

Huko Musumba hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba cheo kina kumbukumbu. Katika desturi ya Waruund, anayerithi cheo anarithi jina la cheo, undugu wa cheo, na yote yaliyotendwa na waliokikalia kabla yake; tendo la mtangulizi wa miaka mingi iliyopita anaweza kulisimulia kana kwamba amelitenda mwenyewe. Mwenye cheo cha Rukonkish anakufa, lakini Rukonkish yupo. Wanahistoria wengi wameandika juu ya jambo hilo kwa mshangao. Mimi naliona ni kipimo cha haki kwa ofisi zetu za leo. Mwananchi anapoambiwa "mkubwa aliyeshughulika na faili hilo amehamishwa", ajibu kwa upole kwamba aliyehamishwa ni mtu. Ofisi haijahama, kabati halijahama, na faili ni la ofisi.

Turudi Kolwezi, tuzungumze ardhi, maana hapa ndipo machozi yako mengi.

Iko taasisi inaitwa Kadasta ya Madini, CAMI. Makao yake makuu yako Kinshasa, na ramani yake inaonekana kwenye intaneti. Daftari lake na ramani zake ni vya kuonwa na umma. Nchi yetu yote imechorwa miraba, kila mraba una hekta 84.955, na kibali cha madini ni mkusanyiko wa miraba hiyo. Mtazame mtu anayeiona ramani hiyo kwa mara ya kwanza. Anatafuta mto wake, anatafuta njia ya kwenda shambani, kisha anaona mistari iliyonyooka kama imekatwa kwa rula, kaskazini kwenda kusini, mashariki kwenda magharibi, inapita juu ya mto, juu ya mashamba, juu ya makaburi. Mstari hauulizi. Ndani ya umbo hilo kuna namba ya kibali, jina la mwenye kibali, madini aliyoruhusiwa, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kwisha. Kibali cha utafiti kinatolewa kwa miaka 5, cha uchimbaji kwa miaka 25, na vyote vinaweza kuongezwa. Kwa hiyo mtu anaweza kujenga, kuoa, kuzaa na kuzeeka ndani ya mraba wa mwingine bila kujua hata jina lake.

Tuliliona hilo katika mtaa wa Kasulo. Mwaka 2014 watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, ndani ya ua na hata ndani ya vyumba, na 2017 wakaaji wa sehemu ya mtaa ule wakahamishwa, eneo likazungushiwa ukuta na kuwekwa chini ya kampuni. Tumeliona pia kwenye mitaa iliyokaribiana na machimbo yanayopanuka. Septemba 2023 shirika la Amnesty International na shirika la hapa kwetu Kolwezi, IBGDH, yalitoa ripoti ndefu juu ya watu waliohamishwa kwa ajili ya kobalti na shaba. Katika visa vya namna hii familia inajikuta mezani ikiwa na karatasi moja tu mkononi, ile fiche parcellaire ya kiwanja, wakati sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inatambua haki kamili ya kiwanja kwa hati ya usajili peke yake, ile ya ofisi ya mhifadhi wa hati za ardhi. Na hata mwenye hati kamili, kilicho chini ya ardhi si chake.

Lakini hapo pia kuna karatasi ambayo watu hawaiombi kwa sababu hawajaambiwa kwamba ipo. Kanuni za Madini za Juni 8, 2018 zina nyongeza ya 18, na nyongeza hiyo yote inahusu kuhamisha watu, kuwafidia na kuwapa makazi mapya. Mpango wa kuwahamisha watu unatakiwa kuandikwa, na wanaohamishwa wanatakiwa kushauriwa. Mkutano wa kwanza ukiitishwa mtaani kwenu, kabla hamjazungumza bei ya mwembe wala bei ya bati, ombeni kuuona mpango huo. Ombeni na utafiti wa athari kwa mazingira na jamii. Anayewaambia "hayo ni mambo ya kitaalamu" mwambieni kwamba mto unaoelezwa humo ndimo mnamooga na kuogesha watoto, basi utaalamu kidogo ninyi nao mnao.

Kuna wanaosema: hata tukiomba, mikataba mikubwa haitaonekana kamwe. Wana haki ya kukata tamaa, lakini mambo yamesogea. Chukueni Sicomines, hapahapa Kolwezi. Mkataba wake ulitiwa sahihi Aprili 2008: kampuni ya taifa Gécamines asilimia 32, upande wa Wachina asilimia 68, na badala yake barabara na hospitali, ambazo tangu marekebisho ya 2009 zilihesabiwa kuwa za dola bilioni 3. Kwa miaka mingi wananchi walijadili mkataba huo bila kujua vizuri kilichomo. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitoa ripoti yake na kusema kwamba miundombinu iliyojengwa ilikuwa ya dola milioni 822 tu. Namba hiyo moja iliingia kila nyumba. Mwezi Machi 2024 mkataba ukarekebishwa, na sasa inazungumzwa miundombinu ya mpaka dola bilioni 7 katika miaka ya mbele. Mimi sisemi marekebisho hayo yanatosha. Wako wataalamu wa Kongo wanaosema hayatoshi, na hoja zao ni nzito. Ninachosema ni kwamba ripoti ikiwa mezani, hata wale wenye nguvu wanalazimika kukaa tena.

Na wenzetu wa pwani wametuonyesha njia ya mahakama. Kenya ilijenga reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwa mkopo wa China, treni zikaanza 2017, mikataba ikabaki imefungwa. Serikali ilisema ni siri, kwa sababu mikataba yenyewe ina kifungu cha usiri. Watu wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, hawakukubali. Waliandika barua wakiomba nakala. Walipokosa jibu walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 13, 2022 mahakama ikaamua kwamba kukaa na karatasi hizo ni kuvunja haki ya wananchi. Novemba mwaka huohuo waziri wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akatoa mikataba ya mkopo hadharani. Fikirieni hoja ile: mkataba hauwezi kuweka kifungu cha kuwaficha wenye deni deni lao. Kesi yote ilianza na barua iliyotaja karatasi kwa jina.

Kenya ina sheria ya 2016 inayoipa ofisi siku 21 kujibu. Uganda ina ya 2005, nayo ni siku 21. Tanzania, ya 2016, siku 30. Sisi tuna zile siku 60 za kutangaza mikataba; kwa karatasi nyingine kinachosukuma ofisi ni uvumilivu wa kurudi.

Niguse kidogo karatasi za zamani, ingawa zinastahili kipindi chake peke yake. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Oktoba 28, 1906; mwanzoni mwa 1967 mali yake ikatwaliwa na taifa, na kampuni mpya ya taifa baadaye ikaitwa Gécamines. Machimbo yalibaki huku. Sehemu kubwa ya karatasi ilibaki Ubelgiji. Ramani na ripoti za miamba yetu zimejaza rafu katika jumba la makumbusho la Tervuren. Julai 2025 serikali yetu na kampuni ya Marekani KoBold Metals zilitia sahihi makubaliano ya awali ambamo kuna neno la kuziingiza kumbukumbu za jiolojia katika kompyuta. Sawa, ziingizwe. Lakini nasema wazi, kwa moyo wote: kumbukumbu za ardhi ya Kongo zifike kwanza mikononi mwa umma wa Kongo, zisomwe na mwanafunzi wa jiolojia wa Kolwezi bila kulipa, ndipo kampuni ije izisome kando yake. Anayejua kilicho chini ya ardhi kabla ya mwenye ardhi ameshashinda mazungumzo.

Tumalizie na barua, maana wengi mtauliza inaandikwaje.

Iwe fupi, ukurasa mmoja. Itaje jina la karatasi, jina la kampuni au la ofisi, na mwaka. Itaje sheria, hata kwa mstari mmoja. Msiandike malalamiko ndani yake. Malalamiko yana barua yake. Ichapwe nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili inapigwa muhuri, inaandikwa tarehe, na aliyeipokea anatia sahihi: ndiyo accusé de réception. Msitoke pale bila hiyo, hata mkiambiwa mwenye muhuri ameenda kula. Mngojeni. Siku mtakaporudi, au siku mtakapomwendea mbunge wa jimbo au wakili, karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayozungumza. Mkiombwa pesa, ombeni risiti ya serikali. Palipo na malipo halali risiti haikosekani.

Msiende mmoja mmoja. Najua, kuna wanaoogopa, na hofu hiyo haikutoka hewani. Katika nchi hii kuna watu waliosumbuliwa kwa kuuliza maswali ya migodi. Chama cha akina mama, kamati ya wazazi, parokia, umoja wa wakulima: barua ikiwa na sahihi 20 hakuna wa kuonyeshwa kidole peke yake. Na makarani nawatetea pia. Wengi wao si wabaya. Wamepewa kabati bila kufuli, faili bila orodha, na hawajaambiwa na mtu yeyote kwamba wanaruhusiwa kuonyesha. Ukimletea karani sheria iliyoandikwa, mara nyingine umemkomboa.

Lugha nayo ni mlango uliofungwa. Karatasi zote hizi ni za Kifaransa, na mwenye shamba anazungumza Kiswahili, Uruund, Kisanga, Kichokwe. Walimu, hapa tunawahitaji ninyi. Mwalimu mmoja akikaa chini ya mti Jumapili baada ya ibada, akasoma orodha ya miradi ya cahier des charges mstari kwa mstari kwa lugha ya pale, amefanya kazi ambayo ofisi nyingi zimeshindwa. Na sisi wa redio kazi hiyo ni yetu pia: atakayepata karatasi halali ya umma ailete, tutaisoma hewani, namba kwa namba.

Ndugu zangu wa Musumba, kwenu kuna haraka. Kikao cha Septemba cha bunge la jimbo ndicho kikao cha bajeti, na njia ya kutoka Kapanga mpaka hapa si ya siku moja. Barua iandikwe Agosti, ipitie kwa wazee wa Mwant Yav na kwa wabunge waliochaguliwa Kapanga, iletwe na mtu anayerudi na nakala yenye muhuri. Ombeni bajeti ya mwaka huu na hesabu ya matumizi ya mwaka uliopita, zote mbili, na barabara mnayoiulizia iandikeni kwa jina, kutoka kijiji gani mpaka kijiji gani.